Kuopoa vifaa vilivyozama chini ya barafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayevua samaki juu ya ziwa lililoganda hukaa kutwa pembeni ya tundu lenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 25. Tundu ni dogo, lakini linameza kila kitu: fimbo ya kuvulia, mtaimbo, keekee ya kutobolea barafu, funguo, simu. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu huuliza wakiwa bado wamepiga magoti, wakichungulia maji meusi. Nimeyapanga kwa namna yanavyokuja siku yenyewe.

Kimetumbukia sasa hivi. Nianze na nini?

Tulia kwanza. Ziwani, kitu kizito kilichoanguka wima hakiendi mbali. Kwa kawaida kimelala juu ya tope, chini ya tundu au pembeni kidogo. Chini ya barafu hakuna upepo wala mawimbi ya kukisogeza, kwa hiyo kitakungoja. Kinachokipoteza ni pupa. Mtu anarusha sumaku kwa kishindo, anaburuza ndoana huku na huku, tope linatibuka, na kitu kilichokuwa kimelala juu juu kinafukiwa na mwenyewe.

Siku niliyoangusha mtaimbo wangu wa kwanza nilivua koti na kuzamisha mkono hadi begani, kwenye maji yenye kina cha mita nne. Mzee mmoja aliyekuwa akivua jirani yangu alikuja akanishika bega. "Mwanangu, toa mkono. Ziwa halina miguu." Tuliupata mtaimbo saa moja baadaye, baada ya yeye kunilazimisha kuvaa glavu na kunywa kitu cha moto.

Kwa hiyo: toa majini mishipi mingine yote isije ikasokotana na kamba ya kuopolea. Chota barafu iliyopondeka kwa upawa mpaka tundu liwe safi. Kisha pima kina. Funga chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia, kwenye mshipi, ishushe taratibu mpaka mshipi ulegee, piga fundo usawa wa barafu, vuta, pima. Kila kamba utakayoshusha baadaye itiwe alama kwa kipimo hicho, ili ujue lini kifaa chako kiko nusu mita juu ya tope na lini kimelala chini.

Haraka inafaa katika hali moja tu: samaki akiwa ndiye aliyeivuta fimbo. Hilo lina swali lake huko chini.

Kitu kinaangukia wapi hasa?

Inategemea umbo lake. Mtaimbo hushuka kama mkuki na mara nyingi husimama, ncha ikiwa imezama kwenye tope. Keekee nayo hutangulia upande wa visu, kwa hiyo inaweza kukutwa imesimama au imeegemea. Fimbo ya kuvulia huenda kwa kuteleza: upande wa rili, kile kigurudumu kinachokunja mshipi, ni mzito, ncha ni nyepesi, basi inakata maji kimshazari na kutua umbali wa mita moja au zaidi kutoka chini ya tundu. Simu na kisanduku bapa huyumba kama jani linaloanguka, kushoto kisha kulia, na huwezi kutabiri upande.

Usisahau vitu vinavyoelea. Upawa wa plastiki, kopo la chambo, mpini wa mbao: hivi havikuzama hata kidogo, vimegota chini ya barafu yenyewe, pengine hatua moja kutoka miguuni pako. Nimeona watu wakisaka chini kwa nusu saa, na walichokitafuta kikiwa juu ya vichwa vya samaki. Kwa vitu hivyo tumia waya mrefu uliopindwa kama herufi L. Uingize tunduni, uzungushe ukisugua upande wa chini wa barafu.

Kwenye mto, au pale maji yanapoingia na kutoka ziwani, mkondo hubadili hesabu yote. Tafuta kuelekea maji yanakokwenda.

Nitakionaje?

Kwa maji maangavu na kina kidogo, macho yako yanatosha. Lala kifudifudi juu ya mkeka, jifunike koti au blanketi kichwani pamoja na tundu lote, kusiwe na mwanga unaopenya. Subiri macho yazoee. Mwanga unaopenya kwenye barafu pande zote huangaza maji kutoka juu, na chini unaanza kuona rangi, majani, kisha mstari ulionyooka kupita kiasi. Mistari iliyonyooka haipatikani sana kwenye sakafu ya ziwa. Ukiuona, umeiona fimbo yako. Fagia theluji kuzunguka tundu, mwanga utaongezeka.

Kina kikizidi hapo, kamera ya majini ndiyo mkombozi. Ishushe pole, isimamishe kabla ya kugusa tope, halafu izungushe kwa kusokota waya wake kati ya vidole. Taa ya kamera ikimulika maji yenye chembechembe utaona ukungu mweupe tu. Izime ujaribu bila taa.

Kipimakina cha mawimbi ya sauti hakikuonyeshi fimbo iliyolala bapa, kwa sababu inachanganyika na sakafu. Lakini kinakuonyesha vizuri sumaku au ndoana yako inavyoshuka, na hiyo si faida ndogo.

Sumaku yenye nguvu si itamaliza kazi?

Kwa baadhi ya vitu, ndiyo. Sumaku za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu za kushangaza, huinua mtaimbo wa chuma, koleo, kisu, na keekee yenye mhimili wa chuma. Lakini hazijali ukubwa wa huzuni yako. Zinajali aina ya madini. Alumini haishikiki. Risasi, shaba na tungsteni hazishikiki. Faibaglasi na nyuzi za kaboni, ambazo ndizo fimbo nyingi zimetengenezwa nazo, hazishikiki. Hata chuma kisichoshika kutu kina aina nyingi zisizovutwa na sumaku.

Funguo nyingi ni za shaba, ila pete inayozishikilia mara nyingi ni ya chuma, na hiyo pete ndiyo inayookoa. Fimbo huenda ikashikwa kupitia skrubu au beringi za rili, lakini mshiko huo ni dhaifu: ikigonga barafu wakati wa kutoka, inaanguka tena. Sumaku ikinasa kitu cha namna hiyo, kipandishe hadi karibu na uso wa maji kisha mwenzako akishike kwa ndoana au wavu kabla hakijaingia tunduni.

Ishushe kwa upole. Tundu likiwa jembamba na keekee imesimama kando yake, sumaku itarukia keekee. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiishike wala asikae karibu nayo. Na vidole visiwe kati ya sumaku na chuma, maana zinabana hadi kuchana ngozi.

Samaki ameivuta fimbo tunduni. Imekwenda?

Si lazima. Samaki aliyenaswa anaburuza fimbo nzima, na fimbo ni mzigo. Hachukui muda kuchoka, na mara nyingi fimbo hukwama kwenye majani au tope akiwa bado amefungwa nayo.

Hapa usiitafute fimbo, tafuta mshipi. Fimbo ni kitu kimoja chembamba kilicholala mahali pamoja. Mshipi umetanda mita kadhaa ndani ya maji, na ni rahisi kuunasa mara kumi zaidi. Chukua fimbo ya akiba, funga ndoana kubwa ya makucha matatu na chubwi nzito kidogo juu yake. Ishushe mpaka iguse chini, inyanyue kiasi cha mkono mmoja, kisha vuta taratibu kwenda juu kwa mwendo mrefu. Ishushe tena. Kama una matundu mengine umbali wa mita mbili tatu upande samaki alikoelekea, fanya hivyo hivyo kwenye kila moja. Unachosubiri si kishindo. Ni uzito laini, kama umenasa ugwe wa majani, ambao baada ya muda unajibu kwa mtikisiko. Mtikisiko huo ni samaki.

Waombe walio karibu nawe wachunguze mishipi yao pia. Fimbo iliyopotea kwenye tundu moja imeshaibukia kwenye la jirani mara nyingi tu.

Nimeinasa, lakini haipiti tunduni. Nifanyeje?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakiwa wameshapata. Fimbo ya sentimita 70 iliyoshikwa katikati hulala mlalo chini ya barafu, na tundu la sentimita 20 haliwezi kuipokea. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyokaza. Ukilazimisha, inavunjika au ndoana inachomoka.

Kanuni ya kuopoa kitu kirefu ni kukishika nchani. Ukishakishika katikati, usikiachie. Kishushe tu kama nusu mita kitoke kwenye barafu. Mwenzako ashushe ndoana ya pili, au waya uliopindwa, ashike ncha moja. Akishaishika, wewe legeza yako taratibu huku yeye akivuta. Kitu kinageuka wima chenyewe.

Kwa fimbo kuna njia nzuri zaidi, nayo ni mshipi wake. Mshipi hutoka kwenye pete ya ncha, kwa hiyo ukiuvuta, ncha ndiyo inayotangulia, na fimbo inapanda imesimama kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba rili itaanza kuachia mshipi. Acha iachie. Vuta mkono kwa mkono, mshipi ukiulaza juu ya theluji kwa mizunguko mikubwa, mpaka ufike mwisho wa rili ambako umefungwa kwa fundo. Usiuzungushe mkononi kamwe. Mshipi wa kusuka unakata kidole kilichokufa ganzi na hutajua mpaka uone damu kwenye barafu. Uzungushe kwenye kijiti au mpini wa upawa. Fundo la mwisho likishikilia, fimbo ni yako.

Ukingo wa chini wa tundu ni mkali kuliko unavyodhani. Mshipi ukisugua hapo utakatika. Tumia mpini wa upawa kuusukuma ukae katikati ya tundu, na fimbo ikianza kuingia, igeuze kidogo kidogo ili mkono wa rili usishikwe na ukingo. Sentimita thelathini za mwisho ndizo zinazohitaji subira kuliko mita kumi za mwanzo.

Keekee au mtaimbo umesimama chini. Ndoana haishiki. Kuna njia?

Kitanzi. Chuma kilichosimama hakina mahali pa kunasia ndoana, lakini kinavalika kitanzi vizuri. Chukua waya mwembamba uliofunikwa plastiki, ule unaobaki umeduara hata ndani ya maji, ufanye tanzi la kuteleza lenye upana wa kiganja kilichofunguliwa. Ufunge kwenye ncha ya mti mrefu au vipande vya bomba vilivyounganishwa, na kamba ya kukazia ipande sambamba na mti hadi mkononi mwako. Ukitazama kwa kamera, livishe kwa juu, lishushe, kaza.

Kwa keekee mambo ni mepesi: mabawa yake ya mzunguko yanazuia kitanzi kisiteleze. Mtaimbo mlaini unateleza, basi kitanzi kishuke mpaka karibu na tope, ukaze, kisha uvute pole sana mwanzoni. Tope hufyonza. Likishaachia utahisi kama mlango uliofunguka.

Kiopoo naweza kujitengenezea?

Unaweza, na kilicho bora ndicho hicho. Chukua mti au bomba linalounganishwa vipande vipande mpaka lifikie kina ulichopima na mita moja ya ziada. Nchani funga kulabu butu, pana kama kidole gumba. Watu wa visimani wamekuwa wakiopoa ndoo kwa namna hii tangu zamani, na akili ni ile ile. Kila kiungo kifungwe kwa kamba ya usalama. Si jambo la ajabu kiopoo nacho kikahitaji kuopolewa.

Na simu?

Kamera na wavu mdogo wenye mpini mrefu. Uingize wavu chini ya simu kwa kuukwangua juu ya tope, si kwa kuusukuma kutoka juu.

Simu zinazodaiwa kuhimili maji hupimwa kwenye maji masafi, kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji, mara nyingi dakika 30. Ikitoka, izime, ifute, usiichaji, wala usiizike kwenye mchele. Vumbi la punje linaweza kuingia kwenye matundu yake. Iweke ndani ya koti isigande, halafu nyumbani uiache mahali pakavu penye hewa.

Nitoboe matundu mengine?

Mara nyingi ndiyo, na hasa kwa fimbo. Tundu la pili kwenye upande kitu kilikoelekea linakupa pembe nyingine ya kuvuta, na kamera inaweza kukaa kwenye moja huku kiopoo kikifanya kazi kwenye lingine. Lakini kwanza pima barafu upya, maana sasa mko watu kadhaa mmekusanyika mahali pamoja. Kipimo kinachotumika sana ni angalau sentimita 10 za barafu ngumu iliyo angavu kwa mtu mmoja anayetembea. Barafu nyeupe, ile iliyotokana na theluji, ina takriban nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo unene uwe maradufu. Karibu na chemchemi, midomo ya mito na nguzo za madaraja, hata kipimo hicho usikiamini kwa macho, toboa upime.

Usitoboe matundu yanayogusana ukipanua tundu moja hadi mguu wa mtu uingie, halafu uondoke. Ukilazimika kupanua, simamisha matawi au vijiti kulizunguka tundu kabla hujaenda popote.

Nikiingia majini mwenyewe?

Hapana. Hakuna fimbo wala keekee yenye thamani hiyo. Kuzamia chini ya barafu ni kazi ya wapigambizi waliofunzwa, wakiwa wamefungwa kamba ya usalama na wenzao juu. Mtu akizamia bila hiyo, anaweza kupotea mita tatu kutoka kwenye tundu aliloingilia.

Ukitumbukia kwa bahati mbaya, kumbuka hesabu ya 1-10-1 inayofundishwa na Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi zinazokuja kwa kasi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Geukia upande ulikotokea, piga mateke mwili ulale juu ya maji, jivute kwa vile vishikio vyenye misumari ya kuchomeka kwenye barafu ambavyo vinapaswa kuning'inia shingoni mwako, kisha jiviringishe mbali na tundu badala ya kusimama.

Mkono peke yake pia unadhurika. Maji yanayogusa barafu yako kwenye nyuzi sifuri, na vidole huacha kukaza ndani ya dakika chache. Tumia glavu ndefu za mpira.

Giza linaingia. Nirudi kesho?

Rudi kesho. Tope litakuwa limetulia usiku kucha na utaona vizuri kuliko sasa. Hifadhi mahali kwenye ramani ya simu, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Chomeka kijiti kirefu penye tundu, chora mshale upande kitu kilikoelekea, andika kina. Theluji ya usiku mmoja inafanya matundu yote yafanane.

Kimetoka. Sasa?

Hewa yenye baridi kali itagandisha maji ndani ya kifaa dakika ile ile. Rili usiizungushe ikiwa imeganda. Ipeleke kwenye joto, iache ichuruzike, ifungue, ikaushe, itie mafuta.

Keekee ya petroli usiivute kamba kuiwasha. Maji hayabanwi kama hewa, na yakiwa ndani ya silinda yanaweza kupinda vyuma. Toa plagi kwanza, kisha vuta kamba taratibu maji yatoke kwenye tundu lake, mwaga petroli na oili yote kwenye chombo, kausha kabureta. Ya betri ina hatari nyingine: betri ya lithiamu iliyolowa inaweza kushika moto saa kadhaa au siku kadhaa baadaye. Usiichaji, usiiingize ndani ya nyumba. Iweke nje mbali na vitu vinavyoungua mpaka ipelekwe panapopokea betri mbovu.

Nisipokipata kabisa?

Kama ni kitu chenye petroli, toa taarifa kwa mamlaka ya eneo hilo. Sehemu nyingi sheria inadai hivyo, na hata isipodai, maji hayo wengine wanakunywa. Mshipi na vyubwi vya risasi navyo si takataka ndogo. Ndege wa majini humeza vipande vya risasi wakidhani ni kokoto na hufa kwa sumu yake. Ndiyo sababu Uingereza ilizuia uuzaji wa vyubwi vingi vya risasi tangu 1987. Hifadhi alama za mahali kabla barafu haijayeyuka, kisha rudi na mtumbwi maji yakiwa maangavu, kabla majani hayajaota.

Nizuieje hili lisitokee tena?

Mtaimbo uwe na kitanzi cha kifundo cha mkono, na ukivae kila mara, hasa kwenye pigo la mwisho barafu inapofunguka. Fimbo ikae kwenye kishikio, breki ya rili ikiwa imelegezwa ili samaki avute mshipi na si fimbo. Kama keekee yako inazungushwa na drili ya betri, weka kisahani kipana kuliko tundu juu ya mhimili. Drili ikiachia, kisahani kinagota kwenye barafu na keekee inabaki ikining'inia. Simu na funguo viingie mfuko wenye zipu, zipu ifungwe kabla hujainama.

Na rangi. Paka mpini wa mtaimbo na kitako cha fimbo rangi ya chungwa inayowaka. Kwenye kamera, mita sita chini, rangi hiyo ndiyo utakayoiona kabla ya umbo lolote.